Maktaba za Mitaani: Kutoka McMillan hadi Mpaka wa Kajiado

Historia ya maktaba za umma katika vitongoji vya Nairobi haikuanzia vitongojini, bali katikati ya mji, katika jengo ambalo Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, na ni mjane wake, Lucie, aliyesimamia ujenzi wake. Jengo lilipewa nguzo nene za kuiga mahekalu ya kale ya Ulaya, na mlangoni wakawekwa simba wawili wa mawe, ambao bado wapo. Mwaka 1938 Baraza la Kutunga Sheria la koloni likalitungia sheria yake mahususi, heshima ambayo majengo machache sana nchini yameipata, ilhali wasomaji waliokusudiwa walibaki kuwa Wazungu mpaka mwaka 1962, Baraza la Jiji lilipoichukua maktaba na kuifungua kwa watu wa rangi zote.

Matawi yake, yaani maktaba ndogo zilizo chini ya usimamizi wa ile kuu, yako Eastlands: Kaloleni na Makadara. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kwa nguvu za wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, na ukumbi wake wa kijamii ulikuwa jukwaa la siasa za kudai uhuru. Hivyo maktaba haikupelekwa kwa watu wasiozoea kujadili, kama watawala walivyopenda kudhani, bali kwa watu waliokuwa wakijadili tangu zamani bila rafu ya vitabu ya kurejelea. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka ili kukarabati maktaba hizi tatu, lilitanguliza matawi hayo mawili kabla ya jengo la nguzo, na uamuzi huo ulikuwa wa busara.

Nje ya mipaka ya jiji mambo yalikuwa mengine. Mji mdogo wa Kiserian, upande wa Kajiado, ingawa watu wake wengi hufanya kazi Nairobi na kurudi jioni kwa Barabara ya Magadi, ulikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Olkejuado, na tawi la maktaba ya jiji halikuweza kuvuka huko. Maeneo ya namna hiyo yalitegemea kwanza Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na ambalo lilisambaza vitabu kwa masanduku na kwa posta, kisha Huduma ya Maktaba za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Huduma hiyo ndiyo iliyoanza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mwenye mzigo. Jedwali lake la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, linazitaja maktaba katika fungu moja na leseni za pombe, sinema na kukodisha video, ujirani ambao mkutubi yeyote angeushangaa. Kwa mgawo huo, maktaba ya Kaloleni hupangiwa fedha na Bunge la Kaunti ya Nairobi, na huduma za maktaba za Kiserian ni jukumu la wawakilishi wa wadi wanaokutana mjini Kajiado.