Kujithamini Kusikotulia: Kiburi na Hisia za Uduni

Kujithamini kusikotulia ni hali ya mtu ambaye namna anavyoipima thamani yake mwenyewe hupanda na kushuka mara kwa mara, pengine ndani ya siku moja, kufuatana na sifa, lawama, ushindi au kushindwa. Asubuhi hujiona hana mfano wake. Jioni, baada ya neno moja la dharau, hujiona si kitu. Hali hiyo haihesabiwi kuwa ugonjwa. Kila mtu anayo kwa kiasi fulani, ila kwa baadhi ya watu imezidi. Wanasaikolojia wameichunguza kwa makini kwa sababu inasaidia kueleza jambo lililowatatiza kwa muda mrefu: kwa nini kiburi na kujiona duni, vitu vinavyoonekana kupingana, hukutwa mara nyingi ndani ya mtu mmoja.

Mjadala wa kitaalamu ulianza na Mmarekani William James. Mwaka 1890 aliandika kwamba kujithamini ni mafanikio ya mtu yakigawanywa kwa makuu anayojitakia. Alitoa mfano wa bondia aliye wa pili kwa ubora duniani kote, lakini anakaribia kufa kwa aibu kwa kuwa yupo mmoja aliyemzidi, huku mtu dhaifu ambaye hajawahi kudai ubondia akiishi kwa raha zake. Mfano huo una uzito hadi leo, maana unaonyesha kwamba anayejidai makuu ndiye aliye karibu zaidi na fedheha.

Kipimo cha kujithamini kinachotumika zaidi ni kile cha Morris Rosenberg, kilichotolewa mwaka 1965 baada ya kuwahoji maelfu ya wanafunzi wa sekondari katika jimbo la New York. Kina sentensi 10, na anayepimwa hueleza anakubaliana na kila moja kwa kiasi gani. Kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikitumia katika mataifa 53, Tanzania ikiwemo, na ukakuta kwamba katika kila taifa wastani wa watu ulikuwa juu ya katikati ya kipimo. Binadamu kwa jumla hujiona kuwa wa maana, popote alipo.

Lakini alama ya siku moja haitoshi. Michael Kernis, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwataka washiriki wake wajaze kipimo hicho mara mbili kwa siku, kwa siku kadhaa mfululizo, kisha akaangalia alama za mtu mmoja zinatofautiana kwa kiasi gani. Mwaka 1989 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyobadilisha mwelekeo wa fani. Waliokuwa wepesi zaidi wa hasira na uadui ni wale waliojithamini sana lakini bila utulivu, na watulivu kuliko wote ni wale waliojithamini sana kwa uthabiti. Waliojithamini kidogo walikuwa katikati. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kupata alama zilezile za juu, mmoja akawa mtu wa amani na mwingine akawa wa kugombana na kila anayemkosoa. Tofauti yao ni kwamba wa pili anailinda thamani ambayo hana hakika nayo.

Aliyeufanya uhusiano wa kiburi na uduni kuwa msingi wa nadharia nzima ni Alfred Adler, daktari aliyezaliwa karibu na Vienna mwaka 1870. Utotoni aliugua matege, na akiwa bado mdogo nimonia ilikaribia kumuua. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu udhaifu wa viungo vya mwili na jinsi mwili unavyoufidia, kisha akalihamishia wazo hilo kwenye nafsi. Kila mtoto, alisema, huanza maisha akiwa mdogo, dhaifu, akizungukwa na watu wakubwa wanaoweza yote. Hisia hiyo ya uduni ni ya kawaida, na ndiyo inayomsukuma binadamu kujifunza. Demosthenes wa Athens, anayesimuliwa kuwa alikuwa na kigugumizi kabla ya kuwa msemaji mashuhuri, ni mmoja wa mifano yake.

Matatizo huanza pale mtoto anapodekezwa kupita kiasi, anapotelekezwa au anapolemewa na kilema, kiasi kwamba hisia ya uduni inashindwa kufidiwa kwa kazi na ushirikiano. Hapo, kwa mujibu wa Adler, mtu hujenga ukubwa wa bandia: majivuno, kuwadharau wengine, kutaka kutawala kila mazungumzo. Aliuona ukubwa huo kuwa njia ya kukwepa uduni bila kuushinda. Mwenye majivuno hayo hukwepa mitihani ya kweli, maana kila mtihani unaweza kumfichua. Ndiyo sababu wengi wao hujisifu kwa mambo ambayo wangeyafanya lau wangepewa nafasi. Adler aliachana na Sigmund Freud mwaka 1911, akaanzisha tawi lake la saikolojia, na alifariki Aberdeen, Uskoti, mwaka 1937.

Karen Horney, tabibu wa nafsi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alilisogeza wazo hilo mbele katika kitabu chake cha 1950. Kwa maelezo yake, mtu aliyekosa usalama utotoni hujichorea picha ya nafsi kamilifu, kisha hudai ulimwengu umtendee kama picha ile. Anapojilinganisha nayo hujikuta amepungukiwa, na hujichukia kwa chuki iliyo kali kama majivuno yake. Kiburi na kujichukia, kwa Horney, ni mfumo mmoja. Maelezo haya yana faida moja juu ya yale ya Adler: yanaonyesha kwa nini sifa hazimtoshi mtu wa namna hiyo. Sifa huilisha ile picha tu, na picha ikikua, pengo kati yake na mtu halisi nalo hukua.

Fahari ya halali inapaswa kutengwa na kiburi. Jessica Tracy na Richard Robins wameonyesha kuwa watu hutofautisha fahari inayotokana na juhudi na kazi iliyofanyika, na majivuno ya mtu anayejiona bora kwa asili yake. Ya kwanza huenda pamoja na kujithamini kwa kweli na uhusiano mwema na watu; ya pili huenda pamoja na uchokozi na mwelekeo wa kuona aibu. Fahari yenyewe ni ya maumbile. Tracy na David Matsumoto walichunguza picha za wanajudo wa Olimpiki na Paralimpiki za mwaka 2004 mjini Athens, wakakuta kwamba hata waliozaliwa vipofu, ambao hawajapata kumwona mshindi akisherehekea, huinua mikono na kutanua kifua wanaposhinda. Kumzuia mtoto asione fahari kwa kuogopa atakuwa na kiburi ni kosa.

Je, kila mwenye kiburi anaficha unyonge? Imani hiyo imeenea sana, na ushahidi unaiunga mkono nusu tu. Mwaka 1996 Roy Baumeister na wenzake walipinga dhana kwamba ukatili hutokana na kujidharau. Walidai hutoka kwa watu wanaojiona wakubwa, pale ukubwa huo unapotikiswa. Mwaka 1998 Baumeister na Brad Bushman waliwaandikisha washiriki insha, wakawapa baadhi yao tathmini ya kuwatusi, kisha wakawapa nafasi ya kumpigia makelele makali mtu aliyewatathmini. Waliolipiza kwa ukali zaidi ni waliotusiwa wakiwa na unarsisi mwingi, yaani tabia ya kujitukuza kupita kiasi. Kiwango cha kujithamini peke yake hakikutabiri lolote. Watafiti wengine walijaribu kuupima unyonge uliofichika kwa majaribio ya kompyuta yasiyotegemea majibu ya wazi. Utafiti wa 2003 uliwakuta wenye kujithamini sana kwa maneno lakini kidogo kwa siri kuwa na unarsisi zaidi, ila tafiti zilizofuata hazikuthibitisha hivyo kwa uhakika. Maelezo yanayokubalika zaidi ni yale ya Paul Wink, aliyeonyesha mwaka 1991 kuwa unarsisi una sura mbili: wa kujitanua na kujionyesha, na wa kujihami wenye haya na chuki ya ndani. Unyonge uko wazi katika sura ya pili. Katika ya kwanza kuna watu ambao kwa kweli wanajipenda tu, na kuwahurumia kwa jeraha wasilonalo hakumsaidii yeyote.

Chanzo cha tofauti hizi kwa sehemu kimo katika malezi. Watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Eddie Brummelman, waliwafuatilia watoto 565 wenye umri wa kati ya miaka 7 na 11. Katika matokeo ya 2015, wazazi walioamini watoto wao ni bora kuliko wengine waliwaongezea unarsisi bila kuwaongezea kujithamini. Upendo wa kawaida, ule wa kumwonyesha mtoto kwamba anapendwa, uliongeza kujithamini bila kiburi.

Jamii nzima nayo inaweza kupandikiza uduni. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alijadili nadharia ya Adler katika kitabu chake cha 1952 na kuikosoa: uduni wa mtu mweusi chini ya ukoloni, alisema, haukutokana na historia ya mtoto mmoja, ulitengenezwa na mfumo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986 jinsi wanafunzi wa Kenya ya ukoloni waliokutwa wakisema Kigĩkũyũ walivyochapwa viboko au kuvishwa shingoni bamba la kuwatangaza kuwa wajinga au punda. Aliyesoma katika shule kama hizo akajivunia Kiingereza chake mbele ya wanakijiji alikuwa anakabidhi kwa wengine fedheha aliyoipokea. Kasumba ya namna hiyo ni kiburi na uduni vikitembea pamoja.

Hakuna dawa ya kumeza inayotuliza kujithamini. Tiba ya mazungumzo humsaidia mtu kuzitambua fikra zinazoifanya thamani yake itegemee matokeo ya leo. Jennifer Crocker na wenzake waliwafuatilia waombaji wa masomo ya uzamili na kuona nafsi zao zikipanda kwa kila barua ya kukubaliwa na kushuka kwa kila ya kukataliwa, hasa kwa walioitegemeza thamani yao kwenye elimu. Kumwongezea sifa mtu wa namna hiyo humwinua kwa siku moja tu. Kristin Neff na Roos Vonk, katika utafiti wa 2009 wenye washiriki zaidi ya 2,000, walikuta kwamba waliozoea kujihurumia wanapokosea walikuwa na thamani iliyotulia zaidi katika kipindi cha miezi 8 kuliko waliotegemea kujiona bora.