14 Julai: tarehe na matukio yake, kwa kuanzia Mlowo

Tarehe 14 Julai ni siku ya 195 ya mwaka wa kawaida na ya 196 katika mwaka mrefu. Huja wiki moja kamili baada ya Sabasaba, kipupwe kikiwa kimekolea. Mlowo, mji mdogo wa wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, huwa wakati huo umo katika msimu wa kuchuma kahawa. Kalenda nyingi za dunia huifungua tarehe hii kwa habari za Paris. Makala hii inaifungua kwa reli, maana tukio kubwa la siku hii kwa watu wa nyanda hizi ni lile lililotokea Jumatano, 14 Julai 1976, China ilipozikabidhi Tanzania na Zambia reli ya TAZARA katika hafla iliyofanyika Kapiri Mposhi, Zambia.

Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, nayo hupita Mlowo kabla ya kufika Vwawa na Tunduma. Chanzo chake ni shaba. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake inategemea njia za kusini zilizoshikwa na serikali za wabaguzi. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda hawakukubali jibu hilo. Mkataba na China ulitiwa saini Septemba 1967, fedha zikatolewa kwa mkopo usio na riba, na ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970. Ndiyo maana watu waliiita Reli ya Uhuru, na inalistahili jina hilo.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja yanayofuatana. Njia nzima ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20. Vijana wa Kitanzania na wa Kizambia kwa maelfu walifanya kazi bega kwa bega na Wachina. Wapo waliopoteza maisha. Wachina zaidi ya 60 wamezikwa katika ardhi ya Tanzania, na makaburi yao yako nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Kila inapotajwa hafla ya Kapiri Mposhi, ni haki hao nao watajwe. Zhou Enlai, waziri mkuu wa China aliyeisimamia ahadi hiyo kwa miaka mingi, hakuiona siku ya makabidhiano: alifariki Januari mwaka uleule.

Kwa Mlowo, hata hivyo, treni haikuanza siku ile. Reli ilivuka mpaka Tunduma mwaka 1973, kwa hiyo watu wa Mbozi waliisikia honi miaka mitatu kabla ya makabidhiano. Treni ya haraka ya abiria ilikuja kupewa jina la Mukuba, neno la Kibemba lenye maana ya shaba.

Siku hiyo ya makabidhiano, Rais wa Marekani Gerald Ford alikuwa anatimiza miaka 63, kwani alizaliwa 14 Julai 1913. Tarehe hiyohiyo mwaka 1867, Alfred Nobel alionyesha hadharani nguvu ya baruti yake ya dinamiti katika machimbo ya mawe ya Redhill, Uingereza. Baruti za aina hiyo zilirahisisha kazi ya kutoboa milima kwa ajili ya reli.

Wa tatu katika mlolongo huu ni Paul Kruger, rais wa Transvaal, aliyefariki uhamishoni Uswisi tarehe 14 Julai 1904. Kruger hakumhesabu Mwafrika kuwa raia, na hilo lisifichwe. Lakini nchi yake nayo haikuwa na bahari, na bandari nyingi za jirani zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Akajenga reli ya kwenda ghuba ya Delagoa, Msumbiji, iliyofunguliwa rasmi 1895. Kaunda alikabili tatizo lilelile miaka 70 baadaye, kwa ajili ya watu ambao Kruger aliwanyima haki.

Tanzania ina tukio lake jingine la tarehe hii. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa miaka 26, alishuka kutoka mashuani katika ufuko wa Gombe, kaskazini ya Kigoma. Alitumwa kuwachunguza sokwe na mwanaakiolojia Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya, na alifuatana na mama yake kwa sababu wakoloni hawakumruhusu kukaa porini bila Mzungu mwenziwe. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti, jambo lililowalazimu wanasayansi kufikiri upya nini kinamtenga binadamu na wanyama. Tangu 2018 tarehe hii ni Siku ya Sokwe Duniani. Goodall alifariki 1 Oktoba 2025.

Kwingineko, watu wa Paris waliivamia ngome ya Bastille mwaka 1789 na kukuta wafungwa 7 tu. Ufaransa huiadhimisha siku hiyo kitaifa, hata katika kisiwa cha Mayotte, Bahari ya Hindi. Mwaka 1958 wanajeshi wa Iraq waliuangusha ufalme na kumuua Mfalme Faisal II. Waliozaliwa siku hii ni pamoja na mchoraji Gustav Klimt (1862), mwimbaji Woody Guthrie (1912) na mwongozaji filamu Ingmar Bergman (1918).

Tarehe 14 Julai 2015 chombo cha angani cha New Horizons kilipita karibu na Pluto, baada ya safari ya zaidi ya miaka tisa. Wilaya ya Mbozi imepokea mgeni aliyesafiri kinyume chake: kimondo cha chuma, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kilichoanguka kwenye mteremko wa kilima cha Marengi kabla ya kumbukumbu za watu. Njia ya kwenda kukiona inachepuka kutoka barabara kuu ya Mbeya na Tunduma, ileile inayopita Mlowo.