Upanga wa Serikali Mbele ya Wanaoua kwa Jina la Mungu

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 27 Julai 2025, waamini walikuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia ya Mwenye Heri Anuarite, Komanda, jimbo la Bunia. Wengi wao walikuwa vijana wa Kruzadi ya Ekaristi. Watu wa ADF waliwavamia kwa bunduki na mapanga. Waliouawa kanisani na katika mtaa walizidi 40, na wengine walichukuliwa mateka. Baba Mtakatifu Leo XIV alituma rambirambi zake. Sisi wa Rutshuru tuliipokea habari ile tukiwa na vilio vyetu wenyewe, maana wilaya yetu imepita mikononi mwa makundi mengi yenye silaha. Lakini kundi hili lina jambo la pekee: linaua, kisha linasema kwamba Mungu ndiye aliyeamuru.

Tangu siku ile swali moja hurudi katika mikutano ya vijana: serikali iwatendee nini watu wa namna hii? Wapo wanaojibu upesi, wakisema wauawe wote, na wanaosali kama wao wafukuzwe nchini. Tumeona vema kutafuta jibu katika historia, kwa kuwa swali lenyewe si geni hapa Kivu.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 watu wa Masisi na Lubutu, jirani zetu wa upande wa magharibi, waliinuka dhidi ya utawala wa Wabelgiji. Kiongozi wao, Bushiri Lungundu, alikuwa mfuasi wa Kitawala, dini iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower yaliyofika kutoka kusini mwa Afrika na kupata sura yake hapa kwetu. Aliwaambia watu kwamba enzi ya wazungu imekwisha, na kwamba yeye anahukumu kwa niaba ya Yesu. Waliomsikiliza hawakuwa wapumbavu. Ilikuwa miaka ya vita vya dunia. Siku za kazi ya lazima zilikuwa zimeongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu walirudishwa msituni kugema mpira kama ilivyokuwa zama za babu zao. Mtu aliyechoka hivyo husikia upesi sauti inayosema kwamba hukumu imekaribia.

Serikali ya kikoloni ilituma askari wa Force publique. Uasi ulizimwa kwa ukatili, viongozi wakahukumiwa, na wafuasi wengi, hata wale ambao hawakushika silaha, wakapelekwa katika makambi ya uhamisho mbali na makwao. Hapo kosa lilibadilika: mtu aliadhibiwa kwa kuwa Mkitawala, hata kama hakuua wala kuchoma kitu. Kitawala haikufa. Waliohamishwa waliieneza huko walikopelekwa, na ipo hadi leo katika misitu ya mashariki. Kabla ya hapo mambo yalikuwa yaleyale kwa Simon Kimbangu, ambaye hakuwahi kuhubiri vita. Alifungwa mwaka 1921, akafa kifungoni Elisabethville mwaka 1951, na wafuasi wake waliofukuzwa vijijini wakawa wajumbe wake nchi nzima. Inatupasa kukiri, kwa aibu, kwamba baadhi ya wamisionari wakatoliki wa wakati ule waliihimiza serikali imshughulikie kwa ukali.

ADF nayo ina historia, na wengi wetu hatuijui, kwa sababu tumezoea kuisikia tu siku ya mauaji. Ilizaliwa Uganda. Mwaka 1991 vijana wa jumuiya ya Tabliq waligombana na viongozi wao wa Kiislamu mjini Kampala juu ya uongozi wa msikiti. Damu ikamwagika, wengi wakafungwa, miongoni mwao Jamil Mukulu, mtu aliyezaliwa Mkristo kisha akasilimu. Walipotoka gerezani hawakurudi na moyo wa amani. Mwaka 1995 walivuka mpaka, na hapo ndipo serikali zenyewe zilipotia mkono wao. Zaire ya Mobutu iliwapa nafasi, na Khartoum ikawapa msaada, kwa kuwa kila mmoja alitaka kuisumbua Kampala. Katika milima ya Ruwenzori waliungana na mabaki ya NALU, watu ambao malalamiko yao hayakuwa ya dini hata kidogo. Novemba 1996 walishambulia Mpondwe. Juni 1998 waliwachoma moto wanafunzi wapatao 80 wa chuo cha ufundi cha Kichwamba. Mbwa aliyefugwa ili amng'ate jirani hakukaa kwa jirani. Leo anang'ata nyumba ya aliyemfuga.

Uganda ilijibu kwa njia mbili. Jeshi lilipanda mlimani, na mwaka 2000 ikaanza kutumika sheria ya msamaha kwa waasi watakaoweka silaha chini. Maelfu wa makundi mbalimbali walirudi, wakiwemo watu wa ADF. Tunajua msamaha huo uliwaudhi waliofiwa, na hatuna haki ya kuwalaumu. Hata hivyo ulimpa kijana aliyedanganywa mlango wa kutokea, na upande wa Uganda kundi likapungua sana. Waliobaki walibaki kwetu, katika msitu wa Beni, wakioa, wakilima, wakifanya biashara ya mbao na dhahabu, huku Kinshasa ikiwa na vita vingine vya kushughulikia. Tarehe 19 Oktoba 2012 mapadre watatu wa Waasumsio walitekwa Mbau, na hawajaonekana tena.

Januari 2014 jeshi letu lilianza operesheni iliyoitwa Sukola. Mwanzo wake tu ulikuwa wa uchungu: Kanali Mamadou Ndala, ambaye vijana wa Goma walimpenda mno, aliuawa karibu na Beni tarehe 2 ya mwezi huo, na mwezi wa Novemba mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani ofisa wa jeshi hilohilo. Kambi kubwa za ADF zilitwaliwa, na ushindi ukatangazwa. Oktoba mwaka uleule mauaji ya raia yakaanza kuzunguka Beni, kijiji kwa kijiji. Tarehe 30 Oktoba 2019 operesheni nyingine ikaanza. Kambi zikatwaliwa tena, raia wakachinjwa tena, hata watu wa Beni wakaingia barabarani mwezi wa Novemba na kuchoma majengo ya serikali na ya MONUSCO. Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo. Adui aliyefukuzwa kambini aligawanyika katika vikundi vidogo, akaviangukia vijiji ambavyo askari walikuwa wameviacha nyuma yao wakielekea msituni. Serikali ilihesabu kambi zilizotekwa. Kijiji ambacho usiku ule hakikuwa na mlinzi hakikuwamo katika hesabu.

Mwaka 2015 Mukulu alikamatwa Tanzania. Musa Baluku akachukua nafasi yake, akajiunga na kile kinachojiita Dola la Kiislamu, ambacho Aprili 2019 kilidai kwa mara ya kwanza shambulio nchini mwetu, huko Kamango. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Magavana wakawa majenerali, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Novemba 30 mwaka huohuo jeshi la Uganda liliingia kushirikiana na letu katika operesheni Shujaa. Hatusemi kwamba haya yote yalikuwa bure. Mateka waliokolewa, na askari wengi walikufa wakiwatetea watu. Lakini kundi lilihamia magharibi, Mambasa, kisha kusini hadi Lubero, jirani na wilaya yetu. Na mahakama zilizopewa kazi ya mikoa miwili kwa siku moja hazikuweza kuwasikiliza watu wote. Mshukiwa asiyehukumiwa alikaa gerezani miaka, na mjane hakusikia neno lolote.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mtawala hakupewa upanga bure, naye alikuwa anasema juu ya atendaye mabaya. Upanga huo una mipaka yake. Humwadhibu mtu kwa tendo lake, lenye jina, siku na mahali. Ukianza kutafuta watu kwa sala zao, umerudi Masisi mwaka 1944.

Wanaotaka Waislamu wote wafukuzwe wakumbuke Mei 2021. Katika mwezi huo mashehe wawili waliokuwa wakiwapinga ADF waziwazi waliuawa, mmoja akiwa msikitini mjini Beni wakati wa sala, mwingine Mavivi. Watu hawa walifanya jambo ambalo hakuna jenerali wala askofu angeweza kulifanya: walimwambia kijana Mwislamu, kwa maneno ya dini yake mwenyewe, kwamba anadanganywa. Serikali iliyopaswa kuwalinda kama hazina iliwaacha bila ulinzi. Hati ya udugu wa binadamu, ambayo Papa Fransisko na Imamu Mkuu Ahmad al-Tayyeb waliitia sahihi Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019, ilikuwa tayari imetoka. Beni ilikuwa na waliolipa kwa damu kwa ajili ya maneno ya namna ile.

Tukumbuke pia tarehe 31 Oktoba 2014, ingawa tungependa kuisahau. Siku hiyo mjini Beni umati ulimtoa kijana mmoja miongoni mwa abiria, ukamuua kwa mawe na kuuchoma mwili wake. Yaliyofuata hatuyaandiki hapa. Alishukiwa kwa sababu alikuwa na panga, kama mkulima yeyote wa kwetu, na kwa sababu hakujua Kiswahili. Waliomuua walikuwa watu waliofiwa, wenye hofu, na bila shaka wamo waliobatizwa. Walifanya kazi ya hakimu kwa kuwa hakimu hakuwapo. Kutokuwapo kwake ni hatia ya serikali, lakini mikono iliyoshika mawe ilikuwa ya raia, na baadhi yao walikuwa na umri wenu.

Tunaiomba serikali mambo yasiyo makubwa kwa kutamka: askari wabaki kijijini baada ya operesheni, anayejisalimisha awe na mahali pa kupokelewa, kesi zisikilizwe hadharani na karibu na waliofiwa. Kazi moja, hata hivyo, haihitaji kusubiri Kinshasa. Hakimu hawezi kuhukumu bila majina na siku. Katika parokia nyingi za kwetu rejista ya marehemu ina miezi mitupu, hasa miezi ile ya kukimbia, na wanaokumbuka nani alizikwa wapi ni wazee. Tunawaomba vijana wa kila kigango, kwa ruhusa ya paroko, wakae na wazee hao wakiwa bado hai, waandike jina kamili la kila aliyeuawa, tarehe na mahali, bila kuongeza jina la anayedhaniwa kuwa muuaji, kisha daftari likabidhiwe parokiani.