Kasi Hii Ni ya Nani?

Kwa miaka mingi nimeambiwa kwamba ninasikiliza makelele ya Wazungu. Wameniambia washikaji wa mtaani, ameniambia dada yangu, na siku moja aliniambia kondakta wa daladala aliyesikia kilichokuwa kikivuja masikioni mwangu njiani kwenda Posta. Muziki wenyewe ni panki, ile panki ya mwendo mkali inayoitwa hadikoo: nyimbo za dakika moja au mbili, gitaa linalokwaruza, dramu zinazokimbia kama lori lililokatika breki mteremkoni, na mtu anayefoka pale ambapo wengine wangeimba. Ukifungua vitabu vya picha vya historia yake, kurasa nyingi zina kijana wa Kizungu wa Marekani, kichwa kipara, akiruka kutoka jukwaani juu ya mabega ya Wazungu wenzake. Siwashangai basi wanaonilaumu. Picha ziko upande wao. Tarehe haziko.

Tuanze na Washington mwishoni mwa miaka ya 1970. Kulikuwa na vijana wanne weusi wenye bendi iliyoitwa Mind Power, wakipiga jazi iliyochanganywa na roki, aina ya muziki inayomtaka mtu alale na chombo chake. Paul Hudson, anayejulikana zaidi kwa jina la H.R., aliimba, mdogo wake Earl alikaa kwenye dramu, Gary Miller, yaani Dr. Know, alishika gitaa, na Darryl Jenifer besi. Walipokutana na santuri za panki walibadili jina wakawa Bad Brains, wakaongeza mwendo mpaka wakawapita wote waliokuwa wakiwasikiliza. Mwaka 1980 walitoa santuri yao ndogo ya kwanza, wimbo wa kama dakika moja na nusu. Jaribu kuufuata kwa kugonga kidole mezani. Utachoka kabla haujaisha.

Wapo wanaodhani kwamba kasi ya namna hiyo ni kichaka cha watu wasiojua kupiga. Wale wanne walijua kupita kiasi. Aliyewahi kusubiri sebene katika muziki wa dansi atanielewa: pale mwimbaji anapokaa pembeni, gitaa likaachiwa njia na ukumbi mzima ukasimama. Bad Brains walikuwa wakianza wimbo kwenye sebene na kuumalizia hapohapo, bila salamu.

Mimi niliwafikia kwa mlango wa rege. Mjomba wangu alikuwa na sanduku la kaseti, Burning Spear na Marley na Lucky Dube, na nililelewa humo. Nikiwa chuoni, rafiki yangu alinipa wimbo uitwao "Leaving Babylon" akiniapia kwamba ni rege ya zamani ya Jamaika. Nikautafuta. Nikakuta ni wa Bad Brains, umo katika albamu yao ya kwanza, na nilipouacha uendelee, wimbo uliofuata ulinitoa kwenye kiti. Bendi ni ileile, sauti ni ileile, ila sasa kama nyumba inaungua. Albamu hiyo ilitolewa Februari 1982 na lebo ya New York iitwayo ROIR, tena kwa kaseti tu, wakati ambapo wenye fedha walikuwa wakitoa santuri. Sisi tuliokulia kwenye kaseti tunajua maana yake: kitu cha bei ndogo, kinachoingia mfukoni, ambacho mtu wa pili atakirekodi kwa wa tatu. Jalada lake lina rangi za Rasta, na radi inayopiga kuba la Bunge la Marekani.

Rasta kwao haikuwa pambo. Walikwenda kumwona Bob Marley jukwaani wakarudi wamebadilika, wakafuga nywele na kuingiza rege katikati ya nyimbo za kasi. Pamoja na Rasta walibeba jambo jingine linalonichekesha hadi leo. Baba yake H.R. alimpa mwanawe kitabu cha Napoleon Hill cha mwaka 1937 kuhusu kufikiri na kutajirika, na humo ndimo H.R. alimotoa lile wazo la mtazamo chanya analolirudia katika nyimbo. Ni kitabu hichohicho ambacho wauza vitabu wa barabarani wanakitandaza chini mpaka leo, baina ya miongozo ya kufuga kuku na tafsiri za ndoto. Sijui bendi nyingine iliyokisoma ikaondoka nacho kuelekea huko.

Kumbi za mji wao zilianza kuwakataa, wakahamia New York. Upo wimbo wao ambao kichwa chake tu kinatangaza marufuku hiyo. Wala sitaki kuwafanya malaika. Mwaka 1982, huko Austin, Texas, waligombana vibaya na bendi zilizowapokea kwa sababu ya chuki yao kwa mashoga, na watu waliotendewa hivyo walikuwa wenzao katika muziki huuhuu. Anayesimulia historia hii akaruka hapo anasimulia nusu.

Vijana wa Kizungu wa mji ule waliwaona Bad Brains wakipiga, wakarudi nyumbani kubomoa walichokuwa wakikifanya. Ian MacKaye, aliyekuja kuimba katika Minor Threat, hajawahi kulificha hilo. Bendi yake ya awali, Teen Idles, ilivunjika mwaka 1980 ikiwa na akiba ndogo iliyotokana na maonyesho. Wangeweza kugawana. Badala yake wakachapa santuri ya bendi ambayo tayari imekufa, nakala 1,000, ili ibaki kumbukumbu kwamba walikuwapo. Majalada walichukua la santuri moja ya Uingereza, wakalifumua, wakalichora upya kwenye karatasi, kisha wakakata kwa mkasi na kubandika kwa gundi wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa lebo ya Dischord, ambayo ingali hai, na ambayo haiandikishani mikataba na wanamuziki wake. Hapo ndipo ninapowaheshimu wale vijana. Kasi waliikuta imeshatengenezwa; mchango wao mkubwa ulikuwa mkasi na gundi.

Kutokana na hayo nimejipatia mizani yangu ya kupimia albamu mpya. Kwanza nasikiliza kama wapigaji wanajua kusimama, kwa sababu kasi isiyo na kituo inachosha upesi. Halafu nauliza nani ameishika mkononi: ni kazi yao, au wamekodishwa?

Turnstile wanatoka Baltimore, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Washington. Albamu yao ya 2021, *Glow On*, naiweka juu kabisa katika miaka hii. Ina ngoma za mkono, ina sauti laini ya Dev Hynes katikati ya vurugu, na bado ukiisikiliza unataka kusukuma meza. Hii ya 2025, *Never Enough*, imenigawanya. Nyimbo kadhaa zinaishia kwenye ukungu mrefu wa kinanda, na mara mbili nimejikuta nikiosha vyombo wakati unapita bila kuutambua. Hata hivyo, kabla haijatoka, walipiga bure katika bustani ya mji wao na kuchangisha fedha kwa ajili ya matibabu ya watu wasio na makazi. Wapo katika lebo kubwa, ndiyo. Lakini bado wana mtaa.

Filimbi, jamani, imekuwa kitu cha msimu. Turnstile wameiweka, na kabla yao Speed, bendi ya Sydney, waliiweka mwaka 2024 katika *Only One Mode*: katikati ya gitaa zito kama jiwe la kusagia, mwimbaji Jem Siow, ambaye ni mwalimu wa filimbi, anaitoa na kupuliza. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu nilikuwa naisubiri.

Soul Glo wa Philadelphia walitoa *Diaspora Problems* mwaka 2022. Ni kelele za watu weusi wanaozungumzia kodi ya nyumba, polisi, wazazi na uchovu wa akili, maneno yakiwa mengi kiasi kwamba mwimbaji Pierce Jordan anaonekana kushindana na pumzi yake mwenyewe. Kuna tarumbeta, kuna rap, na hakuna sekunde ya kuomba ruhusa. Zulu wa Los Angeles, mwaka uliofuata, walitoa *A New Tomorrow*, ambayo haifiki nusu saa. Hawa ndio waliosoma vizuri zaidi somo la kusimama: wanasaga, wanakata ghafla, unaingia muziki wa soul wa kizamani au mashairi yanayosomwa polepole, kisha wanasaga tena. Wengine wanalalamika kwamba vituo ni vingi. Mimi naona vituo vile ndivyo rege ya Bad Brains iliyobadili nguo.

Kisha kuna Nairobi. Crystal Axis wana wimbo kuhusu Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji na Kongo yake, na mwingine kuhusu Nyayo House, jengo lililotesewa watu enzi za Moi; panki ikitajiwa majina hayo haihitaji mkalimani. Na mwaka 2020 ikatoka albamu ya Duma, iliyorekodiwa Kampala na kutolewa na lebo ya hukohuko, Nyege Nyege Tapes. Mswahili akisikia jina atamfikiria yule mnyama mwenye mbio, na hatakuwa amepotea sana, ila wao walilichukua kwenye Kikuyu, giza. Sam Karugu alishughulikia gitaa na mitambo, Martin Kanja akafoka. Hakuna mpiga dramu. Mashine inapiga kwa kasi ambayo mkono wa binadamu usingeiweza. Wenye kupanga makabati wataiita jina jingine, metali au makelele ya kielektroniki. Mimi naiweka kwenye rafu ileile, kwa sababu mzizi wa kusaga kule ni hadikoo.

Kanja, kwa jina la jukwaani Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, *The Adept*, Aprili 2024, kupitia lebo aliyoianzisha yeye, Haekalu, jina ambalo kwa sikio letu haliko mbali na hekalu. Aliitunuku kwa bibi mkuu wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha juu kabisa cha wapiganaji wa Mau Mau, na aliyetoka msituni uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Nywele alizofuga huko hakuzikata mpaka Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta mbele ya watu. Alifariki Septemba 2023. Wako wanaosema kwamba Marasta wa Jamaika waliiga nywele zao kutoka kwenye picha za Mau Mau magazetini miaka ya 1950. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya hilo, nami siliuzi kama ukweli. Ninachojua ni kwamba nikimweka H.R. wa 1982 karibu na picha ya Muthoni, siwezi tena kumsikiliza anayesema kasi hii ni ya ugenini.

Kama albamu, *The Adept* ina kasoro. Wageni ni wengi, na watayarishaji kadhaa wanavutana mashuka, hivyo katikati inapoteza umbo. Ningeipunguza nyimbo tatu. Lakini sauti ya Kanja inapobaki peke yake na dramu, bila mgeni, natoa vya masikioni na kuiweka kwenye spika, na majirani nitaonana nao kesho.