Tarehe ya Dunia za Mezani: Kutoka Lake Geneva hadi Kishikwambi

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, kampuni changa iliyoitwa TSR ilitoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Watunzi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000, kila moja ikiwa na vijitabu vitatu ndani ya boksi. Mchezo wenyewe hauhitaji ubao wala hauna mshindi. Watu huketi kuizunguka meza, mmoja akasimulia, wengine kila mtu akawa na mhusika wake. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Lakini kisa hakitokei hewani. Kinataka nchi, miji, wafalme, miungu, barabara na umbali wake. Tarehe hii ni ya nchi hizo za kubuni: zilivyotungwa, zilivyotoweka madukani, na zilivyorudi zikiwa mafaili ya kompyuta.

Mwaka 1980 TSR ilichapisha Greyhawk, dunia ambayo Gygax alikuwa akiichezesha kwa miaka mingi. Mwaka 1984 ikafuata Dragonlance ya Tracy Hickman na Margaret Weis, ambayo ilikuja na riwaya zake na kuonyesha kwamba wapo wanunuzi watakaoipenda dunia hata kama hawajawahi kushika dadu. Iliyokuja kuzizidi zote kwa umaarufu ni Forgotten Realms, mwaka 1987. Mwenye kuibuni alikuwa Ed Greenwood, Mkanada mfanyakazi wa maktaba, ambaye alianza kuiandikia hadithi utotoni, kabla mchezo wenyewe haujabuniwa. Ilitoka katika boksi la kijivu lenye vitabu viwili, ramani kubwa za kukunjwa, na vipande vya plastiki angavu vilivyochorwa pembesita. Mchezaji aliiweka plastiki juu ya ramani, akahesabu pembesita kutoka mji mmoja hadi mwingine, akajua safari yake ingechukua siku ngapi.

Miaka ya 1990 dunia zilitoka mfululizo: Ravenloft ya mizimu na wanyonya damu mwaka 1990, Dark Sun mwaka 1991, Al-Qadim mwaka 1992, Planescape mwaka 1994, Birthright mwaka 1995. Hazikufanana. Katika Dark Sun nchi imekauka kwa sababu uchawi hunyonya uhai wa mimea. Chuma ni adimu, na watu hupigana kwa silaha za mifupa na mawe. Visa vyake vilitolewa katika vijitabu vyenye mgongo wa waya, vya kusimamishwa mezani na kufunuliwa ukurasa baada ya ukurasa, kimoja cha msimulizi na kingine cha picha za kuwaonyesha wachezaji.

Al-Qadim ilikuwa kazi ya Jeff Grubb, na msomaji wa pwani yetu angeijua harufu yake mara moja: majini, masultani, mabaharia, na mji mkuu wa Huzuz anakokaa khalifa. Vitabu vyake vilipewa majalada yanayofanana na ngozi iliyonakshiwa kwa dhahabu. Chanzo chake kilikuwa Alfu Lela Ulela pamoja na filamu za Hollywood, na hilo linaonekana: ni Uarabuni wa hekaya, si Uarabuni wa watu. Hata hivyo ilitengenezwa kwa mapenzi, na waliowahi kuichezesha hawakuisahau.

Uzuri huo haukuleta faida. Aliyependa Dark Sun hakununua Birthright, na aliyenunua Planescape hakuwa na haja ya Ravenloft. Kila dunia mpya iliwapunguza wateja wa zile za awali, na gharama za kuchapa ramani na maboksi zikabaki juu. Vitabu visivyouzika vilirudishwa kwa wingi kutoka kwa msambazaji. Mwisho wa mwaka 1996 TSR haikuweza kumlipa mchapaji wake, kazi zikasimama. Mwaka 1997 ilinunuliwa na Wizards of the Coast ya Peter Adkison, nayo Wizards ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Wamiliki wapya waliweka nguvu zao kwenye dunia chache. Nyingine zikaachwa, na maboksi yake yakabaki kuwa mali ya wakusanyaji wenye fedha.

Hapo ndipo sura ya kidijitali inapoanza, nayo ilianza kwa mguu wa kuteguka. Mwaka 1999 matoleo 250 ya kwanza ya Dragon, jarida la mchezo huo, yaliuzwa katika seti ya diski. Kazi ilipokewa vizuri, lakini likazuka swali la haki. Waandishi wengi wa majarida walikuwa wameuza haki ya kuchapwa mara moja kwenye karatasi, si kuuzwa upya kwenye diski. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya New York Times dhidi ya Tasini, iliamua kwamba waandishi wa kujitegemea wana haki juu ya matumizi ya namna hiyo. Seti ile ya diski haikupata mwenziwe. Vitabu vya dunia, kwa upande wake, vilikuwa mali ya kampuni yenyewe, kwa hiyo njia yao ilikuwa wazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizards ilianza kuuza picha za vitabu hivyo mtandaoni kama mafaili ya PDF. Vingi viliandaliwa kabla ya uchapaji wa kompyuta, hivyo chanzo kikawa kitabu kilichochapwa: ukurasa unapigwa picha, kisha programu inajaribu kuzisoma herufi. Programu hukosea. Namba 1 husomwa kuwa herufi l, na jedwali la kurushia dadu huvurugika bila mtu kujua hadi atakapolihitaji mezani. Ramani kubwa ilikatwa vipande. Plastiki ya Greenwood, ikishapigwa picha, hugeuka ukurasa mtupu wenye mistari.

Pamoja na kasoro hizo, wateja walinunua, hasa kupitia maduka ya RPGNow na DriveThruRPG yaliyoungana mwaka 2006 chini ya OneBookShelf. Kisha, tarehe 6 Aprili 2009, Wizards iliyaagiza maduka yaache kuuza mafaili yake yote. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi: kitabu cha Player's Handbook 2, kilichotoka mwezi uliotangulia, kilikuwa kimezagaa mtandaoni, na kampuni ikawashtaki watu wanane. Lakini panga halikuchagua. Vijitabu vya mwaka 1981 viliondolewa pamoja na kitabu cha 2009. Hata waliokwisha kulipa walihimizwa wapakue mali yao haraka kabla mlango haujafungwa. Kesho yake, tarehe 7 Aprili, Dave Arneson akafariki dunia, huku mafaili ya mchezo aliouasisi yakiwa hayauzwi tena. Agizo la Wizards halikumzuia mwizi, kwa maana nakala za wizi zilibaki palepale zilipokuwa. Aliyefungiwa nje ni mteja mwaminifu.

Mlango ulibaki umefungwa kwa karibu miaka minne. Januari 2013, wakati Wizards ikiandaa toleo la tano la mchezo na ikitaka kuwarudisha wachezaji wa zamani, mauzo yalifunguliwa tena kwa ushirikiano na OneBookShelf. Safari hii kazi ilikuwa na adabu zaidi. Mwanahistoria Shannon Appelcline aliandika maelezo ya vitabu: kilitungwa lini, na nani, kwa sababu gani, na kilibadilisha nini. Baadaye vingi viliwekewa huduma ya kuchapwa kwa agizo, mteja mmoja nakala moja, bila ghala.

Januari 2016 ulifunguliwa mtandao wa Dungeon Masters Guild, ambako mtu yeyote anaweza kutunga kisa ndani ya Forgotten Realms, akakiuza kihalali na kupata nusu ya mapato. Dunia za Ravenloft na Eberron zilifuata, na nyingine polepole. Mwaka 2020 Wizards iliviwekea vitabu vya zamani tahadhari kwamba baadhi vina mitazamo ya kibaguzi ya wakati wake, lakini haikuviondoa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kitabu kikiwa kwenye rafu, msomaji wa Al-Qadim anaweza kupima mwenyewe kilichochorwa vizuri na kilichochorwa kwa dhana. Kikifichwa, kosa na ustadi hupotea pamoja.

Kwa hiyo leo dunia ambazo boksi lake moja hutafutwa kwa shida huweza kusomwa kwenye kishikwambi, na kijitabu cha kisa huuzwa chini ya dola 10. Hayo ni mafanikio ambayo TSR haikuwahi kuyaota. Lakini mwaka 2009 uliacha fundisho lisilochakaa: faili lililoko kwa muuzaji peke yake ni la muuzaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kitabu bila nakala ni hivyo hivyo. Ukinunua, msomaji, pakua siku hiyo hiyo, weka nakala ya pili kwenye diski yako mwenyewe, na ikiwezekana chapisha ramani.