Ruzuku

Maneno ruzuku na riziki yametoka shina moja la Kiarabu; ndiyo maana twasema pia Mungu amemruzuku fulani mtoto. Huko Trans Nzoia, Kenya, ruzuku ni gunia la mbolea la kilo 50 kwa shilingi 2,500 tangu 2023, ilhali mwaka 2022 madukani lilipita 6,000. Pesa yenyewe mkulima haishiki: serikali hulipia tofauti ya bei, naye hupata ujumbe kwenye simu, akaenda ghalani na kitambulisho. Mbolea ya kupandia ikifika mahindi yameshafika magotini, haimruzuku mtu. Linaloniuma zaidi ni la 2024, wakulima walipouziwa mbolea bandia ndani ya mpango huohuo. Waliopoteza msimu walistahili fidia ya mavuno, si ya gunia tu.