Hizo Santuri za Susu Si Takataka

Wasee wa Machakos, tuongee kidogo. Kuna watu wanatoka Ulaya kuja Kenya kusaka zile santuri ndogo za 45 ambazo huenda kwenu ziko chini ya kitanda cha susu. Wao wanajua wanachotafuta. Sisi je?

Cheki Marekani. Miaka ya 1960 vijana wa mitaa walipiga roki kwenye gereji za nyumbani, wakatoa santuri moja au mbili, bendi zikavunjika na watu wakasahau. Mwaka 1972 Lenny Kaye akakusanya nyimbo 27 za enzi hiyo kwenye albamu iliyoitwa Nuggets. Watu wakaanza kuzitafuta, na siku hizi muziki huo una historia yake.

Hata sisi gitaa tulikuwa nazo. "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, mwanamuziki wa Equator pale Nairobi, iliimbwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. Muongo uliofuata, benga ikashika Ukambani. Kakai Kilonzo, kijana wa Kilimambogo hapa kwetu, aliimba kwa Kikamba na Kiswahili hadi alipofariki mwaka 1987.

Sasa shika santuri moja ya wakati huo ujaribu kuitambua. Lebo nyingi hazina mwaka. Wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, nusu upande huu, nusu ule. Bendi ileile ya Kakai, hapa ni Kilimambogo Brothers, pale ni Les Kilimambogo. Ndiyo maana wakusanyaji husoma nambari ya lebo, halafu wanainamisha santuri kwenye mwanga wasome herufi zilizochorwa pale palipo laini karibu na lebo. Nambari za kampuni moja kwa kawaida zinafuatana, kwa hivyo ukijua mwaka wa santuri moja, unaweza kukadiria wa jirani zake.

Lakini nambari haiwezi kukwambia nani alipiga besi. Hiyo mara nyingi iko ndani ya wimbo wenyewe. Waimbaji wa benga hupenda kutaja watu: wenzao wa bendi, marafiki, kijiji walikotoka. Asiyejua Kikamba anasikia gitaa tamu tu. Susu anasikia mtoto wa fulani, wa kule ng'ambo ya mto.

Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa Kenya Special, nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zilitoka kwenye santuri za 45 pekee. Kazi safi, siwezi kuiponda. Ila mbona tungoje London itupangie kumbukumbu zetu, na wanaojua majibu tunakaa nao nyumba moja?

Kwa hivyo kabla hujamuuzia mtu kwa bei ya soda, fanya hivi. Piga picha pande zote mbili, pamoja na zile herufi zilizochorwa. Kama kuna mashine ya kuicheza, icheze, umrekodi susu au umau kwa simu: nani anaimba, anamtaja nani, walikuwa wanapiga wapi. Andika majina yote, hata ya yule wa ngoma.

Santuri ikitunzwa vizuri inaweza kungoja miaka mingine 50. Susu hawezi. Anza wikendi hii.